Sababu za Kukua kwa Miji nchini Tanzania: Mfano wa Dar es Salaam, 1891–1988

1.0 Utangulizi

Sensa ya mwaka 1948 iliwahesabu wakazi 69,277 katika mji wa Dar es Salaam. Miaka tisa baadaye, sensa ya mwaka 1957 iliwahesabu 128,742. Baada ya uhuru kasi hiyo iliongezeka. Eneo ambalo leo ni Mkoa wa Dar es Salaam lilikuwa na watu 356,286 mwaka 1967, watu 843,090 mwaka 1978 na watu 1,360,850 mwaka 1988. Takwimu mbili za kwanza zinahusu mji wenyewe, na tatu zinazofuata zinahusu mkoa mzima pamoja na vijiji vyake. Kwa hiyo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Hata hivyo, mwelekeo wake hauna utata: katika muda wa maisha ya mtu mmoja, mji mdogo wa bandari uligeuka kuwa jiji la zaidi ya watu milioni moja.

Ukuaji huo unazua swali la kihistoria. Utawala wa Waingereza ulitaka Mwafrika aje mjini kufanya kazi, kisha arudi kwao. Serikali ya Tanganyika huru, na baadaye Tanzania, ilikiweka kijiji katikati ya sera zake za maendeleo. Tawala zote mbili ziliwakamata watu waliodhaniwa kuwa hawana kazi na kuwarudisha mashambani. Iweje basi mji uliowekewa vizuizi kwa takribani miaka 40 uendelee kuipita miji mingine yote nchini?

Jibu lililozoeleka ni kwamba vijana hulikimbia jembe na kuvutwa na anasa za mjini. Jibu hilo lilikuwamo katika taarifa za maofisa wa kikoloni na likarudiwa majukwaani baada ya uhuru. Makala haya yanaonesha kwamba jibu hilo halitoshi, kwa kuwa linaeleza tabia ya anayehama bila kueleza mazingira yanayomhamisha. Hoja kuu ni kuwa sababu za kukua kwa Dar es Salaam zilibadilika kipindi hadi kipindi. Mwanzoni ziliwekwa na dola yenyewe, kupitia makao makuu, reli, kodi na mshahara. Baadaye zilihamia katika familia: ndugu waliokwisha kufika, watoto waliozaliwa mjini na ardhi iliyopatikana pembezoni. Hatua za kuwaondoa watu zilishindwa kwa sababu zilipambana na mtu, ilhali sababu zilizomleta zilibaki palepale.

2.0 Makao Makuu, Reli na Kodi, 1891–1939

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Kifo chake mwaka 1870 kilisimamisha sehemu kubwa ya mpango huo. Uhai mpya ulikuja mwaka 1891, Wajerumani walipohamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya bara, lakini bahari yake ina kina kifupi na meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali na ufukwe. Dar es Salaam ilikuwa na ghuba yenye kina na iliyojikinga dhidi ya mawimbi. Mwaka 1905 ujenzi wa Reli ya Kati ulianza kutoka hapo. Reli ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo iliyokuwa ikibebwa na wapagazi hadi Bagamoyo sasa ilielekezwa kwenye gati moja.

Hivyo basi, sababu ya kwanza ya kukua kwa mji ilikuwa uamuzi wa kiutawala. Palipowekwa ofisi ya serikali paliwekwa pia karakana, hospitali, ghala na kambi ya askari, na kila kimoja kilihitaji vibarua. Bagamoyo haikukosa watu wenye bidii. Ilikosa reli na makao makuu.

Sababu ya pili ilikuwa kodi. Mwaka 1898 utawala wa Wajerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba. Ingawa mwanzoni kodi hiyo iliweza kulipwa kwa mazao au kwa kazi, shabaha yake ilikuwa kumwingiza mkulima katika uchumi wa fedha. Waingereza, waliouteka mji mwaka 1916, waliiendeleza na kuongeza kodi ya kichwa. Uzito wa kodi haukuwa sawa kila mahali. Kilimanjaro na Bukoba kulikuwa na kahawa, na wakulima wengi waliweza kupata fedha bila kuondoka nyumbani. Katika maeneo kama Kigoma na Songea, ambako zao la biashara lilikuwa hafifu na soko lilikuwa mbali, njia iliyobaki ilikuwa kuuza nguvu. Wanaume wa maeneo hayo walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa walipoandikishwa. Baadhi yao hawakurudi moja kwa moja baada ya mkataba kwisha. Walipita Dar es Salaam kutafuta kibarua kingine. Wazaramo, Warufiji na Waluguru, ambao mji ulikuwa karibu nao, waliingia na kutoka kwa msimu, wakileta chakula, mkaa na kuni.

Ulinganisho huu una uzito katika mjadala wa sababu. Kama tamaa ya anasa ndiyo iliyokuwa kisukumo kikuu, wenye kahawa na fedha za nauli wangetangulia. Badala yake waliotangulia kuhama kwa wingi kutafuta ujira walikuwa wale ambao kodi iliwafikia kabla ya soko kuwafikia.

Mji uliowapokea ulikuwa umegawanywa. Wazungu walikaa Uzunguni, wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia walikaa Uhindini, na Waafrika walipangiwa Kariakoo, mtaa uliopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza cha Vita ya Kwanza ya Dunia. Uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Kariakoo na mitaa mingine. Mpangilio huo ulibeba ujumbe wa wazi: Mwafrika alihitajika mjini kama nguvu kazi, lakini hakutambuliwa kama mwenyeji.

3.0 Mshahara wa Mtu Mmoja na Mji wa Familia, 1939–1961

Mishahara ya kikoloni ilikadiriwa kwa kumfikiria mwanamume asiye na familia mjini. Mke na watoto walidhaniwa kuwa kijijini, wakijilisha kwa shamba lao. Kwa mwajiri, hesabu hii ilikuwa na faida kubwa, kwani kijiji kililipa gharama za kumlea mfanyakazi akiwa mtoto, kumtunza akiwa mgonjwa na kumpokea akiwa mzee. Kwa mfanyakazi, ilimaanisha kuishi baina ya sehemu mbili pasipo hata moja kumtosheleza.

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia na baada yake, bei za chakula na nguo zilipanda kuliko ujira, na mfumo huo ukaanza kupasuka. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939. Septemba 1947 waligoma tena, na safari hii mgomo ulienea kufuata njia ya reli hadi miji ya bara. Serikali ilielewa kwamba bandari haiwezi kutegemea watu wanaokuja na kuondoka kila baada ya miezi michache. Nyumba za wafanyakazi zikajengwa Ilala, Temeke na Magomeni, na mwaka 1957 kima cha chini cha mshahara kikawekwa kisheria mjini Dar es Salaam.

Wakati huohuo serikali ilijaribu kuchagua nani abaki. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa maofisa uwezo wa kuwaondoa mjini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Kama Burton (2005) anavyoonesha katika utafiti wake kuhusu mji huu, neno mhuni lilipanuka hadi kumhusu karibu kila kijana asiye na kazi ya kuandikishwa, awe mwizi au muuza kahawa. Kwa hiyo sera ilikuwa na nyuso mbili. Uso mmoja ulimwita mfanyakazi abaki mjini na kumjengea nyumba. Wa pili ulimkamata mdogo wake aliyemfuata kutoka kijijini. Lakini watu hao wawili walikuwa wa ukoo mmoja na mara nyingi walilala chumba kimoja.

Uhusiano huo wa ukoo ndio unaoeleza jambo ambalo kodi na mshahara havielezi. Leslie, ofisa aliyeongoza uchunguzi wa kijamii mjini humo katika miaka ya 1950 na kuuchapisha mwaka 1963, alieleza jinsi mgeni alivyofikia kwa ndugu au mtu wa kwao, akalishwa na kulazwa huku akitafuta kazi. Nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba kandokando ya ukumbi mmoja, ilirahisisha mapokezi hayo, kwa kuwa mwenye nyumba aliweza kupangisha chumba kimoja kimoja. Vyama vya watu wa asili moja viliwauguza wagonjwa na kuwazika wafu. Kwa namna hiyo gharama na hofu ya kuhama vilipungua kadiri watangulizi walivyoongezeka. Uhamaji uliokuwa umeanza kwa shuruti ya kodi ulianza kujiendesha wenyewe.

4.0 Uhuru, Mishahara na Siasa ya Vijijini, 1961–1978

Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 uliondoa ubaguzi wa rangi katika haki ya kuishi mjini. Mtu aliyekuwa mgeni katika mji wa nchi yake sasa alikuwa raia. Ofisi zilizoachwa na Waingereza zilihitaji makarani, walimu na maofisa wazalendo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kima cha chini cha mshahara kilipandishwa, na pengo kati ya kipato cha mfanyakazi wa mjini na cha mkulima likapanuka.

Matokeo yake yalikuwa kinyume cha matarajio ya wengi. Waajiri, hasa wenye mashamba ya mkonge, walipunguza wafanyakazi ili kukabili gharama mpya na kushuka kwa bei ya zao hilo. Nafasi za kazi zikawa chache, lakini wanaozitafuta mjini wakaongezeka. Harris na Todaro (1970), wakitumia uzoefu wa nchi za Afrika ya kitropiki, walitoa ufafanuzi wa hali kama hiyo: anayehama hupima mshahara anaotumaini kuupata pamoja na uwezekano wa kuupata, na kama mshahara ni mkubwa vya kutosha, huenda hata akijua kwamba atasubiri. Ufafanuzi huu unamrejeshea mhamiaji akili na hesabu ambazo jina la mhuni lilimnyima. Hata hivyo una upungufu, kwani unamtazama mtu mmoja. Katika hali halisi aliyesubiri kazi alikuwa akilishwa na ndugu, na aliyeipata alitazamiwa kutuma fedha nyumbani. Aliyeamua mara nyingi alikuwa ukoo, na kijana alikuwa mjumbe wake.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitambua tatizo la uhusiano wa mji na shamba. Lilionya kwamba mikopo ya kujengea viwanda na huduma za mijini hulipwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na mazao ya wakulima, na kwamba bila tahadhari wakazi wa mijini wangeweza kuwa wanyonyaji wa wakazi wa vijijini. Mpango wa Pili wa Maendeleo, ulioanza mwaka 1969, ulichagua miji tisa ya kukuzwa ili kuipunguzia Dar es Salaam mzigo: Arusha, Dodoma, Mbeya, Morogoro, Moshi, Mtwara, Mwanza, Tabora na Tanga. Mwaka 1972 madaraka yalipelekwa mikoani, na mwaka 1973 uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa.

Pamoja na hayo yote, kipindi cha 1967 hadi 1978 ndicho ambacho mkoa wa Dar es Salaam ulikua kwa kasi kubwa kuliko vingine vilivyopimwa kwa sensa baada ya uhuru: wastani wa asilimia 7.8 kwa mwaka. Sababu kadhaa zilikutana. Kwanza, viwanda na mashirika ya umma viliendelea kujengwa jijini, kwa kuwa bandari, umeme na ofisi za wizara vilikuwa hapo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichoanza mwaka 1968, ni mfano mmoja. Reli ya TAZARA nayo iliongeza shughuli za bandari ileile. Pili, mapato ya mkulima yalididimia. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na mamlaka za mazao zikashika ununuzi. Sehemu ya bei ya nje iliyomfikia mkulima ikapungua. Tatu, kuhamishiwa vijijini kati ya 1973 na 1976, sambamba na ukame wa 1973 hadi 1975, kulivuruga kilimo katika sehemu nyingi za nchi. Nne, elimu ya msingi ilipanuka haraka baada ya Azimio la Musoma la 1974 kuliko nafasi za sekondari, na vijana wengi walihitimu darasa la saba wakiwa na matarajio ambayo kijiji hakikuweza kuyatimiza.

Jambo moja linastahili kusisitizwa. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969. Sababu iliyowasukuma mababu kwenda kutafuta ujira iliondoka, lakini wajukuu walihama kwa wingi zaidi. Hii inathibitisha kwamba sababu iliyoanzisha uhamaji si lazima iwe ndiyo inayouendeleza.

5.0 Mgogoro wa Uchumi na Operesheni Nguvukazi, 1979–1988

Kama mshahara ungekuwa sababu kuu, miaka ya 1980 ingepaswa kuwarudisha watu mashambani. Kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 viliiacha nchi bila fedha za kigeni. Viwanda vilikosa malighafi, maduka yalikosa sukari na sabuni, na thamani halisi ya mshahara ikaporomoka. Hata hivyo mkoa wa Dar es Salaam ulikua kwa wastani wa asilimia 4.8 kwa mwaka kati ya 1978 na 1988, wakati idadi ya watu nchini ilikua kwa asilimia 2.8.

Sehemu ya jibu ni kwamba mshahara haukuwa tena nguzo ya maisha ya mjini. Familia ziliishi kwa kufuga kuku, kulima bustani, kupika vitumbua, kushona nguo na kuuza maji. Wanawake, ambao mfumo wa mshahara wa kikoloni ulikuwa umewaacha kando, walishika sehemu kubwa ya shughuli hizo. Karani ambaye mshahara wake ulikwisha katikati ya mwezi alivuka nusu ya pili kwa biashara ya mkewe. Mtu aliyetoka kijijini aliweza kuingia katika uchumi huo bila cheti wala barua ya ajira.

Ni uchumi huohuo ulioguswa na Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983. Sheria hiyo ilimtaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Msako ulifanyika, na waliokamatwa wakapelekwa vijijini. Hatua hiyo ilikuwa na watangulizi: sheria ya 1944, misako ya miaka ya 1960, na vijiji kama Gezaulole, kusini mwa jiji, ambako wakazi wasio na kazi walipelekwa kulima mwanzoni mwa miaka ya 1970. Matokeo nayo yalifanana. Wengi walirudi, kwa kuwa ndugu, chumba na wateja wao vilikuwa mjini. Baada ya muda mamlaka zilianza kuwapa wafanyabiashara wadogo leseni, ambazo kwa miaka mingi zilijulikana kama leseni za nguvukazi. Jina la sheria iliyokusudia kuwaondoa likawa jina la kibali kilichowatambua.

6.0 Uzazi na Ardhi: Sababu Zisizoonekana Stendi

Mjadala wa kukua kwa miji humtazama zaidi anayeshuka kwenye basi. Hesabu rahisi inaonesha kuwa hatoshi kueleza kila kitu. Kama watu waliokuwapo mkoani mwaka 1967 wangeongezeka kwa kasi ya taifa pekee, chini ya theluthi moja ya ongezeko la hadi 1978 lingepatikana bila mhamiaji hata mmoja. Kwa kipimo hichohicho, kati ya 1978 na 1988 zaidi kidogo ya nusu ya ongezeko lingekuwapo. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwani viwango vya uzazi na vifo vya mjini havilingani na vya taifa. Lakini inadhihirisha badiliko kubwa: wanawake walikuwa wamejiunga na wanaume, watoto walikuwa wamezaliwa, na kundi linalokua la wakazi halikuwa na kijiji cha kurudishwa. Mtoto aliyezaliwa Manzese hakuhamia mjini.

Ardhi nayo iliwezesha makazi hayo. Viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache, na waliokosa walinunua sehemu za mashamba ya wenyeji pembezoni. Mwaka 1972 serikali iliacha msimamo wa kubomoa makazi yasiyopangwa na kuanza kuyaboresha, na kuanzia mwaka 1974 miradi ya viwanja na huduma iliendeshwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikihusisha maeneo kama Manzese na Sinza. Daladala zilizoruhusiwa rasmi mwaka 1983 ziliwawezesha watu kujenga mbali zaidi na katikati ya jiji. Mji uliokuwa ukikua kwa watu sasa ulikua pia kwa eneo.

7.0 Hitimisho

Historia ya Dar es Salaam inaonesha kuwa hakuna sababu moja ya kukua kwa miji inayofaa kwa vipindi vyote. Makao makuu, reli na kodi viliuanzisha mwendo. Mshahara na uraia viliupa kasi. Kudidimia kwa mapato ya kilimo kuliuendeleza hata pale mshahara ulipokosa thamani. Undugu, uzazi na ardhi ya pembezoni viliufanya usiweze kurudishwa nyuma. Kila mara serikali ilipowakamata watu, ilikuwa ikipambana na matokeo ya maamuzi yaliyokuwa yamefanyika muda mrefu kabla, na mara nyingi yaliyofanywa na serikali yenyewe.

Tofauti kati ya kueleza sababu na kulaumu tabia si ya kinadharia tu. Aliyeitwa mhuni mwaka 1944 na aliyeitwa mzururaji mwaka 1983 walilipa gharama ya maelezo yasiyo sahihi kwa kupakiwa kwenye magari na kutenganishwa na familia zao. Sera inayoanza kwa kuuliza ni kitu gani kimefanya shamba lishindwe kumlisha mtu, na ni nani anayemsubiri mjini, huenda isiuzuie mji kukua. Inaweza, hata hivyo, kuuandalia maji, viwanja na kazi kabla wakazi wake hawajaitwa tatizo.